Shanga Zangu Zilipasuka, za Auma Ziling'aa

Bwana asifiwe! Asifiwe na nyinyi mlio mbele, asifiwe na wale wa nyuma karibu na mlango, asifiwe hata na yule mama amekuja leo amenuna kwa sababu jirani yake ana leso mpya. Huyo hasa ndiye nimemwandikia.

Ndugu zangu, mimi naitwa Chelang'at, ingawa watoto wa hapa wananiita Mama Shanga. Mambo haya nimeyasema kanisani mara nyingi, na kila nikiyasema nazunguka sana mpaka mchungaji anaanza kuangalia saa. Basi wamama wa ushirika wakaniambia, andika, tutakusomea ibadani, karatasi haina saa. Shule nilisoma kidogo, tena nikiwa tayari na watoto, kwa hivyo mkikuta neno limepinda, linyosheni wenyewe mkiendelea.

Nataka kushuhudia vile Bwana alinitoa kwa wivu. Si pombe, si mapepo, si kifua. Wivu! Watu wanapenda kushuhudia pombe kwa sababu pombe inanuka na kila mtu alishajua. Wivu haunuki. Unaweza kukaa benchi moja na mtu mwenye wivu, mkaimba pamoja, mkagawana kitabu cha nyimbo, na wakati wote anahesabu vifungo vya nguo yako. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Nilizaliwa Chebunyo. Mama yangu alikufa nikiwa nanyonya bado, nikachukuliwa na nyanya yangu, na kwetu Wakipsigis nyanya ni kogo, kwa hivyo sikuwahi kumwita jina lingine. Kogo alinilea kwa mursik, yale maziwa ya kuganda ndani ya kibuyu, na maneno makali. Katika ujana wake hakuna mwanamke kule Chebunyo aliyemshinda kushona shanga, kwa ngozi, kwa mkanda, kwa kibuyu cha maziwa. Harusi ilikuwa inangoja Kogo amalize kushona. Lakini macho yake yakaingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli tu, na sura ya mtu aliitambua ikifika karibu kabisa na pua. Mkumbuke hilo la pua.

Tulihamia karibu na Chepseon kwa baba yangu mdogo. Wakati ule chai ilikuwa changa. Msitu ulikuwa unang'olewa, na vichaka vya chai havikuwa vimefika kiuno. Msichana mwenye nguvu kama mimi kazi yake ilikuwa moja, kwenda kuchuma. Sasa shida ilikuwa Kogo. Siku moja nilimwacha nyumbani nikaenda mtoni, na niliporudi nilimkuta ameketi kando ya moto, pindo la shuka yake linafuka moshi, yeye anaimba, hajui. Nikamwagia maji na nikaapa sitamwacha peke yake tena. Na nyapara wa chai hangekubali nyanya aketi katikati ya mistari. Kwa hivyo nikiwa na kazi ya chai, Kogo anabaki peke yake na moto. Hapo ndipo roho yangu ilikuwa imefungwa, ndugu zangu. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Pale Chepseon kulikuwa na duka la Mhindi, kando ya barabara ya kwenda stesheni ya Lumbwa. Mwenyewe alikuwa mtu wa kupima chumvi na kunyamaza. Mke wake tulimwita Bai. Bai alitoka kwao katika ukoo wa watu wa kuyeyusha kioo, na alikuja huku na sanduku la bati limejaa vijiti vya kioo, vyekundu, vyeupe, vya bluu, virefu kama vijiti vya kufumia. Nyuma ya duka alikuwa na taa ya bati yenye utambi mnene. Ukiipuliza kwa mivukuto, moto unaacha kuwa wa manjano, unanyooka kama ulimi, unakuwa wa bluu, na kijiti cha kioo kikiingia hapo kinalainika kama asali.

Siku Bai alipoweka shanga yake ya kwanza kwa dirisha la duka, wanawake walisimama pale mpaka ng'ombe wakaingia kwa shamba la mtu. Sisi tulijua shanga ndogo ndogo za rangi moja. Hii ilikuwa nene kama ncha ya kidole, bluu nzito, na juu yake mistari myeupe imelazwa mmoja juu ya mwingine kama unyoya. Nilimwombea Kogo aishike. Akaisugua kwa vidole, akaipeleka kwa pua, akaiweka hata kwa ulimi. Akasema, "Huyu mama amekamata ndege akamfungia ndani ya jiwe."

Nikataka kujua kazi ile kuliko vile nimewahi kutaka chakula.

Bahati ikaja yenyewe. Mivukuto ya Bai ilikuwa imeliwa na panya, na mhunzi wetu akamshonea mingine ya ngozi ya mbuzi, ile ya kusukuma kwa mikono miwili. Kwa hivyo mtu mmoja hakuweza tena. Mmoja avukute, mwingine afinyange. Na Bai miguu yake ilikuwa inavimba, hakuweza kukaa sana. Akachukua wasichana wawili, tuwe tunapokezana. Mmoja ni mimi. Nilimwambia nina nyanya ambaye siwezi kumwacha. Akasema, "Nyanya lete. Nyanya keti hapa karibu na joto." Ndugu zangu, nilitaka kumbusu ile miguu yake iliyovimba!

Yule msichana wa pili alikuwa Auma.

Auma alitoka kule ziwani. Kaka yake alifanya kazi kwa kiwanda cha chai, naye alikuja kumpikia, kwa sababu baba na mama yao wote walikuwa wamekufa na hawakuacha mzee yeyote nyumbani. Alikuwa mrefu, ngozi inang'aa, vidole vyembamba. Tena alikuwa ameshaokoka. Akikaa kwa taa anaimba nyimbo za kanisa kwa lugha yao, chini chini, na mimi ninayemvukutia najikuta navukuta kwa kufuata wimbo wake bila kupenda. Hiyo pia iliniudhi!

Niwaeleze shanga ya unyoya inavyotengenezwa, kwa sababu wengi mnavaa na hamjui. Unachukua waya, unaichovya kwa tope la udongo mweupe ili kioo kisishike moja kwa moja. Udongo wa Bai ulipoisha, Kogo ndiye alinielekeza mahali pa kuchimba mwingine, ule ule ambao watoto wetu wanapakwa wakiingia jandoni. Unayeyusha kioo cha bluu, unakizungushia waya mpaka kiwe duara. Halafu unavuta kijiti cheupe kwa moto, kinatoa uzi mwembamba, unauzungusha juu ya ile bluu, mzunguko, mzunguko. Unarudisha kwa moto. Kikilainika, unachukua sindano, unaikokota kutoka huku kwenda huku, halafu unageuza kidogo unaikokota kutoka kule kuja huku. Ile mistari inapinda. Unyoya unatokea mbele ya macho yako! Basi unatia shanga ndani ya sufuria ya jivu la moto, unaifunika, unaiacha mpaka asubuhi ipoe pole pole.

Bai Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilitosha. Ukisinzia anasema, "Zungusha! Wewe lala, shanga lala." Na sheria zake alizirudia kila siku akinyoosha kidole: "Maji hapana. Upepo hapana. Haraka hapana." Akishasema hivyo anaingia ndani kupika na kuombea miungu yake, anatuachia kazi mchana wote.

Asubuhi ndiyo ilikuwa hukumu. Bai anafunua sufuria, anapekua jivu kwa kijiko. Za Auma zinatoka nzima, zinang'aa kama macho ya paka. "Shabash, Auma!" Halafu zangu. Ya kwanza imegawanyika. Ya pili ina ufa. Ya tatu ukiigusa inabaki vipande viwili mkononi. Na unyoya wangu ulikuwa mzuri, Bai mwenyewe alisema, mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa Auma. Lakini nani atavaa unyoya uliopasuka?

Siku nyingine vivyo hivyo. Wiki nyingine vivyo hivyo.

Wivu ulianza hapo kama kikohozi kidogo. Nikaanza kuangalia vidole vya Auma. Nikaanza kuchukia wimbo wake. Nikimvukutia naona ninampulizia yeye utajiri. Jivu letu lilikuwa moja, moto mmoja, kioo kimoja, kwa nini zake zipone na zangu zife? Nikaleta jivu langu kutoka nyumbani, la kuni nilizochagua mwenyewe. Zikapasuka. Nikabadilisha kiti nikae upande wake, yeye akae upande wangu. Zikapasuka. Nikafunga kamba kwa mkono, ile ambayo kwetu tulifunga kujikinga na jicho la mtu mbaya. Zikapasuka vizuri zaidi!

Na watu hawakuniacha. Mke wa baba mdogo alinikuta mtoni, mbele ya wengine.

"Chelang'at, shanga zako ziko wapi? Kwa dirisha naona za Mjaluo tu."

Nikamwambia, "Zangu zimeshanunuliwa."

"Zimenunuliwa na nani? Na jivu?"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha mtungi. Nikarudi nyumbani nimeamua kabisa: Auma ananiroga. Nikamwambia Kogo. Kogo akauliza, "Huyo mtoto anakula nini mchana?" Nikasema sijui, na kwa nini niulizwe habari ya chakula chake? Akasema, "Nasikia akitafuna kidogo sana." Huyo alikuwa Kogo. Mimi namletea habari ya uchawi, yeye ananiuliza habari ya ugali.

Basi miguu ya Bai ikazidi. Mume wake akaamua wauze duka warudi kwao. Bai akatuita, akaweka mkono juu ya taa kama mtu anashika kichwa cha mtoto.

"Taa hapana enda na mimi. Taa moja, mwenye taa moja. Leo kila mtu fanya unyoya moja. Kesho shanga nani nzima, yeye chukua taa."

Ndugu zangu, mmeona nilipokuwa? Nikikosa taa, ni chai. Nikienda chai, Kogo anabaki na moto. Na kwa muda wote ule sikuwa nimetoa hata shanga moja nzima!

Niliomba siku hiyo. Sikuwa nimeokoka, kwa hivyo niliomba vile mtu ambaye hajui anaomba. Nikasema, "Mungu wa Auma, tafadhali pasua shanga ya Auma." Nikaona ni ombi zuri, fupi, halina fujo. Siku hizi nikisikia watu wakiomba nasikiliza kwa makini kama wanaomba hivyo, na wengine wanaomba hivyo, wanaongeza tu maneno matamu juu.

Auma akaanza. Mimi navukuta. Mikono ilitaka kulegea, moto ushuke, kioo kiharibike, nisiwadanganye. Lakini Bai alikuwa chumba cha pili anafunga masanduku, na sikio lake lilijua sauti ya mivukuto. Kwa hivyo nilivukuta sawasawa, si kwa wema, ni kwa kuogopa sikio. Auma akamaliza, akatia shanga yake ndani ya jivu, akafunika. Hakuimba hata kidogo siku hiyo. Niliona hilo nikafurahi, nikasema moyoni, ameogopa.

Tukabadilishana. Sijawahi kutengeneza shanga kama ile, kabla wala baadaye. Bluu ilikaa duara kama yai la ndege. Uzi mweupe ulivutika bila kukatika. Sindano yangu ilikokota, ikageuka, ikakokota, na unyoya ukafunguka mpaka nikasahau kupumua. Nikaitoa kwa moto, bado nyekundu ndani.

Kogo akasikia nimemaliza. Alijua kwa vile mivukuto imenyamaza. Akanyoosha shingo pale alipoketi, kama kila siku.

"Leta nione, mama. Leta niibariki."

Nikainuka nimpelekee karibu na pua, kama kila siku. Auma akaruka akasimama katikati yetu.

"Usimpelekee! Tia kwa jivu!"

"Toka njiani."

"Chelang'at, nakuomba, tia kwa jivu!"

Hapo nilipasuka mimi mwenyewe. Yote ya miezi yakatoka kwa mdomo. "Kumbe! Umenionea wivu wa kioo, sasa hata baraka ya nyanya yangu unaionea wivu?"

Nilidhani atakana. Auma akaanza kulia, na akasema kwa sauti kubwa, "Ndiyo! Naionea wivu! Tangu siku ya kwanza!"

Nikabaki na waya mkononi.

"Wewe una mtu wa kukutemea mate," akasema. "Kila shanga unampelekea, anaitemea, anakuita mama. Hata kwetu ziwani wazee wanabariki hivyo. Wangu wamekwisha. Hakuna mtu duniani wa kunitemea. Na ni hayo mate yanapasua shanga zako, wewe mjinga! Kioo cha moto na mate! Mimi nimeona siku nyingi. Nilisema moyoni, acha zipasuke, ana kitu ambacho mimi sina. Nimeomba Mungu aniondolee hii kitu, na yeye kazi yake ni kuniambia sema, sema, sema. Sasa nimesema!"

Na tulipokuwa tumesimama hivyo tukiangaliana, shanga yangu ikalia mkononi. Tik. Sauti ndogo kama jino la panya. Unyoya ukagawanyika katikati. Siku hiyo hata mate hayakuigusa. Ni upepo na maneno yetu yaliyoiua.

Ndugu zangu, hebu tusimame kidogo hapa. Maji hapana, Bai alisema kila siku! Na mimi nilitii. Nilifuta jasho nisidondoshe tone. Nilifukuza kuku aliyetoka mvuani. Lakini mate ya Kogo sikuwahi kuyahesabu kuwa maji. Kwetu mzee anakutemea ukizaliwa, unatemewa ukisafiri, unatemewa ukipata ng'ombe, ukipata mtoto. Pfu, pfu, kidogo tu, kama umande. Ni kama kupumua. Nani angefikiri baraka ni maji? Nilimtafuta mchawi kila mahali, kwa jivu, kwa kiti, kwa wimbo wa mtu, kumbe kitu kilichokuwa kinapasua shanga zangu ni kupendwa.

Kogo alikuwa ameketi pale anageuza kichwa huku na huku. Kiswahili hakujua hata salamu. Alisikia kelele tu, na kilio.

"Anasema nini huyo mtoto?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo Bwana alinikuta, kabla sijamjua jina. Auma hakujua Kikipsigis. Kogo hakujua Kiswahili. Mlango kati yao ulikuwa ni mdomo wangu peke yangu. Ningesema, Kogo, huyu anakutukana. Ningesema, Kogo, huyu amevunja shanga yangu, na ilikuwa imevunjika kweli, vipande ningemwekea mkononi. Maneno yalikuwa yameshajipanga kwa ulimi. Nikafungua mdomo niyaseme, na yaliyotoka ni mengine.

Nikasema, "Kogo, anasema hana mtu wa kumtemea."

Kogo akageuza uso upande wa kilio.

"Hana hata mmoja?"

"Hana. Tena anasema mate yako ndiyo yanapasua shanga zangu."

Nilidhani atalia. Kogo alicheka! Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Bai akatokea mlangoni na kamba ya sanduku mkononi. "Mimi nilidhani nimekwisha," Kogo akasema. "Macho hayaoni, mikono haishoni, meno yamekwenda. Kumbe mate yangu bado yanapasua jiwe!" Halafu akaacha kucheka, akanyoosha mikono miwili gizani kwake. "Mlete."

Ni mimi nilitakiwa kumleta. Kogo haoni, na Auma haelewi ameitwa. Ndugu zangu, niwaambie ukweli mchungu, kile kitambo kilikuwa kibaya kuliko vyote. Taa ningeweza kumwachia, lakini Kogo? Wivu ule wa shanga ulikuwa mtoto. Mama yake aliamka hapo hapo, akasema ndani yangu, sasa anakuchukulia na nyanya. Miguu ikakataa. Nikasimama. Sijui nilisimama kiasi gani. Ninachojua ni kwamba nguvu iliyoinua mkono wangu haikuwa yangu, kwa sababu yangu niliijua, na ilikuwa imekaa chini. Nikamshika Auma mkono, nikampigisha magoti mbele ya Kogo.

Kogo akampapasa uso wote, polepole, kama anavyopapasa shanga. Akamtemea kifuani, pfu, pfu. Akafungua viganja vyake akatemea hapo pia. Akamwita mama, vile alikuwa ananiita mimi. Na Auma akalia kwa sauti ambayo sijawahi kusikia tena, kama ng'ombe aliyepotea ameona boma.

Nikangoja wivu uniume. Unajua walipotung'oa meno ya chini tukiwa watoto, kama desturi yetu ilivyokuwa, kwa siku nyingi ulimi unakwenda kulitafuta jino. Ndivyo nilivyoutafuta wivu. Nikaenda mahali pake, nikakuta pengo. Kulikuwa na uchungu kidogo wa pengo, lakini jino halikuwepo. Haleluya!

Asubuhi Bai akafunua sufuria. Ya Auma ilitoka nzima, inang'aa. Mimi niliweka vipande vyangu viwili juu ya meza. Bai akavitazama sana, akautazama ule unyoya, akatikisa kichwa kwa huzuni. Lakini neno lake lilikuwa neno. Akamkabidhi Auma taa.

Nashuhudia mbele yenu kwamba sikupewa taa! Watu wengi wanashuhudia walichopewa. Mimi nilikosa, na nikasimama pale nikapiga makofi, na makofi yalitoka moyoni.

Auma akauliza, "Na mivukuto, Bai? Nani atavukuta?"

"Wewe tafuta mtu."

"Nimeshapata," Auma akasema. "Ila huyu mtu ana nyanya, na nyanya atakuja naye."

Basi chai sikwenda. Nikavukuta kwa taa ya Auma, na tukapokezana kama zamani, na Kogo akakaa kati yetu karibu na joto. Aliweka sheria yake mpya, kioo hatemei tena, anatemea mikono kabla ya kazi, yangu na ya Auma. Nayo mikono tunaipangusa kabla ya kushika waya. Shanga yangu ya kwanza nzima ilipotoka kwa jivu, imepoa, Kogo aliishika, akaisugua, akaipeleka kwa ulimi. Akasema, "Huyu ndege hajavunjika bawa." Nilimfungia shingoni, na alizikwa nayo.

Nikamfuata Auma kwa mikutano ya maombi kule kambi ya kiwanda. Nikaokoka, nikabatizwa mtoni. Kogo hakubatizwa, alisema maji ni baridi. Msiniulize yuko wapi. Nimemwachia yule aliyenyanyua mkono wangu siku ile.

Auma alitangulia. Tulimzika miaka mingi iliyopita, na wanawe wananiita mama. Taa ninayo mimi sasa, imetoboka, haiwaki. Sikuitafuta. Waliniletea wenyewe.

Mchungaji mmoja wa zamani alinikataza kutemea watoto baraka, alisema ni mambo ya giza. Nikamwambia, baba, yule kipofu Bwana Yesu alimfanyia nini? Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka macho. Mchungaji akakohoa, akatangaza wimbo.

Sasa wewe uliyenuna pale, mama wa leso, nakuomba. Kitu chako kinapasuka kila siku na umeshaamua nani anakuroga. Ngoja kidogo. Muulize Bwana akuonyeshe. Pengine huyo unayemwonea wivu anakuangalia akitamani kile ambacho wewe hata hukihesabu. Mkabidhi Bwana huo wivu, huna haja ya kuuficha, yeye ameshaunusa.

Na kama yuko mtu hapa hana mzee, hana mama, hana mtu hata mmoja duniani wa kumtemea, ibada ikiisha usikimbie. Mimi nakaa benchi ile ya kando, karibu na dirisha. Macho yangu sasa yameanza kuingia ukungu kama ya Kogo, kwa hivyo njoo karibu kabisa na pua. Mate ninayo ya kutosha.

Bwana asifiwe tena!